Nani atakaa mlangoni?

Mama yangu ni mtu wa shughuli. Jang'ombe, hapa Unguja mjini, wanamjua, harusi ikikaribia, huitwa yeye kabla ya mpishi. Miaka yote niliyokaa ubavuni mwake sijamsikia hata mara moja akisema "anayetaka kusaidia aje." Humtazama mtu usoni akamwambia: "Wewe Alhamisi utakuja kuchagua mchele. Na wewe, sahani ni zako, uzihesabu zikitoka na zikirudi." Na mtu huja, tena mapema.

Mie nilichelewa kulielewa hilo. Nilipoanza kukusanya watu wa kuchora ramani huria ya OpenStreetMap hapa mjini, niliandika tangazo refu kwenye kikundi cha WhatsApp: tunahitaji wa kujitolea kuandaa siku ya mafunzo, karibuni nyote. Madole gumba yakamiminika. Siku yenyewe ilipofika walikuja watu wachache, na mwenye kazi nikawa mie peke yangu: kufunga projekta, kuandikisha majina, kufundisha, kutafuta maji ya kunywa. Nilikuwa nimepanga tuanze saa kumi za alasiri. Ilipokaribia Magharibi wasichana wote wakainuka kwenda kwao, na hatukuwa tumefika hata nusu ya somo. Kama ningemuuliza msichana mmoja tu wakati wa kupanga, angeniambia.

Kwa asiyeijua, OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Huchorwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuitumia bure. Programu zinazoiendesha nazo ni huria, unaweza kuzifungua, ukaona zilivyoandikwa, ukazirekebisha na kumpa mwenzako. Sisi huku tuna bahati ya pekee, kwa sababu kuanzia 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kwa droni, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwamo katika kazi hiyo. Lakini picha ya kutoka juu haikwambii uchochoro unaitwaje, wala mfereji upi unatoa maji, wala mtaro upi unafurika masika. Hayo anayo anayeishi pale. Ndiyo maana lazima watu wakutane, na watu hawakutani bila ya mtu wa kuwakutanisha.

Sasa ninafanya kama mama. Naandika kazi kwanza, kisha namtafuta mwenyewe wa kila kazi, namfuata kwake au nampigia simu. Simwambii "jiunge na kamati." Namwambia: Jumamosi hii, saa mbili hadi saa nne asubuhi, ukae mlangoni uandikishe majina. Akijua kazi inaanza lini na inaisha lini, ni rahisi kukubali, na akikataa anakataa bila ya kuona haya. Kila kazi naipa watu wawili, mmoja aliyewahi kuifanya na mmoja mgeni, ili mara ijayo yule mgeni ndiye awe mwenye kazi.

Aliyenifunza zaidi kuliko wote ni maalim mmoja mstaafu wa skuli, ambaye kompyuta hajaigusa mpaka leo. Huwezi kuwatia vijana ishirini mitaani, simu mkononi, wanapiga picha mitaro ya watu, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, hana habari. Nilikuwa nimeandaa barua yenye maelezo ya kurasa mbili. Maalim akaniambia, "Mwanangu, barua iweke mkobani, twende." Tulikaa barazani kwa sheha karibu nusu saa. Zikaulizwa habari za watoto, za wajukuu, za goti la sheha, ndipo ramani ikatajwa. Ruhusa tuliipata pale pale, na juu yake sheha akatupa kijana wa kutuonyesha njia. Hakuna mjuzi wa programu miongoni mwetu ambaye angeifanya kazi ile.

Kuna jambo linaniuma. Ukichora nyumba moja kwenye OpenStreetMap, jina lako la mtumiaji na saa uliyoichora vinahifadhiwa, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kuona ni wewe. Aliyebeba viti, aliyekosha vikombe, aliyekwenda kwa sheha, hawaonekani popote. Na bila ya wao nyumba ile isingechorwa. Kwa hiyo nina daftari. Kila mkutano naandika nani alifanya nini, na mwanafunzi anayetafuta kazi nampa barua inayoeleza kwa ukweli: huyu alipokea watu arubaini, akapanga chumba, akasimamia muda. Majina yao nayasoma mwanzoni, watu wakiwa bado wamejaa, sio mwishoni wakati kila mtu anatafuta viatu vyake.

Mambo mengine ni mepesi. Tunaanza saa tatu asubuhi, tunamaliza kabla ya Adhuhuri. Ramani ya mtaa tunaishusha jana yake kwenye JOSM, kwani programu hiyo inakuruhusu kuchora bila ya intaneti na kupandisha kazi baadaye, kwa hiyo bando la mtu mmoja linatutosha. Chai na visheti hupatikana, alhamdulillahi.

Safari hii tunavuka kwenda Pemba, Chake Chake. Chumba kipo. Nataka watu wawili wa mlangoni, mmoja awe mwanamke, wa kufika saa mbili asubuhi na kuondoka saa nne. Nataka mwenye laptopu aliyewahi kutumia JOSM hata mara moja, akae na wageni watano tu. Na nataka mtu mzima wa pale, anayejuana na masheha, wa kunichukua barazani kwao siku mbili kabla. Barua nitakuwa nayo, lakini itakaa mkobani.