Kichwa cha habari kilichonitoa jasho

Wiki yangu ya kwanza kwenye dawati la habari nilipewa stori ya kikao cha madiwani. Nikaiandika, juu nikaweka "Kikao cha madiwani chafanyika". Mhariri, mzee mmoja miwani inamning'inia puani, akasoma, akaniangalia. "Mwanangu, ukirudi nyumbani leo utamwambia mama kikao kimefanyika? Kisingefanyika je, ungeandika nini?"

Habari yenyewe nilikuwa nimeifukia aya ya sita: ushuru wa meza sokoni unapanda kutoka shilingi 300 hadi 500 kwa siku. Akachukua kalamu nyekundu: "Ushuru wa meza wapanda hadi 500". Basi.

Kesho yake asubuhi nikaenda kusimama kwenye meza ya magazeti pale stendi, na wale wasomaji wa bure, mikono nyuma, mnawajua. Mama ntilie mmoja akakisoma kwa sauti, akaguna, akafungua kibindo. Alinunua!

Tangu hapo nina ugonjwa. Nikiona "Wadau watakiwa kushirikiana" napita. Wadau gani, washirikiane kwenye nini? Na hivi vya mtandaoni, "Hutaamini alichofanya msanii huyu"... nimeshabonyeza mara mbili tatu, nakuta kanyoa nywele.

Ila nami sijawahi kuwa malaika. Kuna siku niliandika "Moto wateketeza soko", kumbe yaliungua mabanda mawili. Watu wana ndugu zao mle sokoni. Simu zilizopigwa chumba cha habari siku ile, mpaka leo ikilia ya mezani nashtuka.