Kuchimba Dawa

Baba alipotakiwa kwenda Dar kupigwa picha ya moyo, mimi ndiye niliyemsindikiza kutoka Tukuyu. Siku moja kabla ya kipimo akakatazwa chai na kahawa. Mzee wa Rungwe, nyumba imezungukwa na mashamba ya chai! Alishinda amenuna, hasemi na mtu.

Sindano ya mwisho alichomwa saa sita mchana: teknisiamu, kitu kitoacho mionzi, iliyofungwa kwenye dawa iitwayo sestamibi, ambayo hufuata damu na kung'ang'ania misuli ya moyo. Picha ilipotokea kwenye skrini, moyo ulikuwa kama kitumbua kilichotobolewa katikati, na chini yake doa kubwa linawaka. "Hilo ini," dada wa mashine akasema. Ini nalo huinyaka dawa, kisha huimwaga kwenye nyongo na utumbo. Siku hiyo lilikuwa linajivuta, mwanga wake unafunika upande wa chini wa moyo. "Mzee, kanywe maziwa, utembeetembee, urudi."

Akanywa pakiti mbili za maziwa ya dukani, akaninong'oneza, "Ng'ombe wa huku wanakamuliwa maji." Tuliporudi, lile doa lilikuwa limefifia, na chini yake umejitokeza mwanga mwembamba uliojikunjakunja kama kamba ya mbuzi. Utumbo. Nilisimama pale nikiitazama dawa inavyosafiri tumboni mwa baba yangu, nikasahau kabisa kuuliza kama moyo ni mzima.

Tuliambiwa anywe maji mengi, aende haja mara kwa mara, anawe mikono, na siku hiyo asipakate mtoto mdogo kwa muda mrefu. Kiasi cha robo ya dawa hutoka na mkojo ndani ya saa 24, theluthi hivi hutoka na choo kikubwa kwa siku mbili, na inayobaki mwilini inajiishia yenyewe, kila saa sita nusu yake.

Kesho yake alfajiri tukapanda basi. Baba na chupa yake ya lita moja na nusu! Kabla hatujafika Morogoro alishasimamisha gari mara mbili. Konda akashindwa kuvumilia: "Mzee wangu, si tumechimba dawa sasa hivi?"

"Wewe mwanangu unachimba kwa mdomo tu," baba akamjibu akishuka. "Mimi ninayo kweli."

Mimi nikapiga hesabu nyuma ya tiketi. Saa kumi na mbili jioni, nusu. Usiku wa manane, robo. Alfajiri, sehemu moja ya nane. Tulipokuwa Mikumi saa sita mchana, moja ya kumi na sita, na hapo sijatoa alizoziacha vichakani.

Tukuyu tuliingia saa nne usiku, mvua inanyesha. Mama alishasikia habari za mionzi kwa majirani. Kitanda cha baba kakihamishia chumba cha nje, na kikombe chake cha bati kakitenga peke yake dirishani. "Baba Atupele, mtoto usimguse," akasema kabla hata ya kutupokea mizigo. Nikamtolea tiketi yangu. Akaisogeza karibu na taa, akasoma mstari kwa mstari, akaniuliza kama nina hakika.

Baba hakungoja jibu. Akaenda dirishani, akachukua kikombe, akamnyooshea.

"Chai. Na maziwa ya huyu ng'ombe wetu."