Siku moja kazini kwangu: nakagua kulungu aliyekufa kama anaonekana mzima

Kila nikipiga simu Tanga mama lazima aulize kama bado niko kwenye ile kazi ya mizoga. Bado nipo mama. Na sio mizoga bana, mzoga unaoza, mimi nashika ngozi iliyoshapita kiwandani na macho ya kioo. Ila naona hata Wabongo wenzangu wa huku Wisconsin wakisikia nafanya nini wanaanza kuninusa nguo kwahiyo acha niandike siku moja tu, ya juzi, mjionee wenyewe.

Kwa wasiojua, huku watu wanawinda kulungu, wale wa mkia mweupe kwa chini, na mtu akipiga dume lenye pembe za maana hamli tu akaishia hapo, analeta kichwa na ngozi ya shingo hadi mabega tumtengenezee aende kutundika sebuleni. Ndani sio nyama wala mifupa, ni fomu ya foamu ngumu, ngozi inavalishwa juu na gundi, pembe ndo zake mwenyewe. Wenzangu wanatengeneza. Mimi ni mkaguzi wa mwisho, yani hakuna mteja anapigiwa simu kabla sijasema huyu yuko hai au huyu mdoli, arudi mezani.

Saa 12 na nusu asubuhi chai. Nyuma ya nyumba ninayopanga kulungu wanakuja kula maua ya bibi mwenye nyumba, yeye anawafukuza na ufagio mimi nasimama dirishani na kikombe nawaangalia masikio. Mwezi huu wa nane wako wekundu, madume shingo nyembamba, pembe bado zimevaa ile ngozi laini ya manyoya. Bibi anafikiri nina uvivu tu asubuhi. Hayo ndo masomo yangu na hakuna anayenilipa.

Saa 1 kazini. Jamaa yetu mmoja wa Bukavu alishaanza kukwangua nyama kwenye ngozi zilizotoka friza, kazi ambayo kwa kweli mimi siiwezi, mgongo unakufa. Tumesalimiana nimeingia chumba changu, taa nyeupe, tochi, kalipa ya kupimia, ukuta mzima picha za kulungu wa kweli na sura za plasta zilizochukuliwa kwenye nyuso zao kabla hazijachunwa. Msingi wa kazi yangu wote ni hizo picha na hizo plasta. Macho yako peke yake yatakudanganya maana ukishakaa na kulungu wa ukutani muda mrefu unaanza kuona wale ndo wa kawaida.

Saa 2 mpaka saa 4 nakagua. Wa kwanza amepita haraka. Wa pili nikiwa mlangoni tu nimejua ana shida, na ukiniuliza shida gani siwezi kukwambia mpaka nisogee. Hapo ndo watu hawaelewi. Mtu yeyote hata mtoto anaweza kumtazama akasema "huyu wa ajabu", kazi ni kusema ajabu iko wapi ili fundi akairekebishe.

Naanza na jicho, siku zote jicho. Mboni ya kulungu imelala, ni kama yai lililolazwa, na akiinamisha kichwa jicho linazunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Sasa fundi akigundisha kioo kimepinda kidogo tu kulungu anaonekana kalewa. Halafu kope la juu, lina kona yake, sio duara, ukiliachia duara amestuka milele. Halafu kile kishimo mbele ya jicho kiingie ndani kweli, kiwe cheusi, kisijazwe udongo. Baada ya hapo pua, namulika tochi ndani, ukuta wa katikati uwepo, tundu zisiishie juujuu, na rangi ya unyevu isizidi maana pua ya kulungu ina maji lakini haijapakwa vanishi. Midomo nayo ngozi ikikauka inajivuta, unakuta upenyo mdogo wa foamu unachungulia. Mshono wa nyuma ya shingo napitisha vidole, macho nimefumba.

Huyu wa pili basi, jicho safi, pua safi. Shida ilikuwa masikio. Yamelazwa nyuma, na kulungu akilaza masikio nyuma amekasirika, anataka kumpiga mwenzake, uso wote unakaza. Lakini jicho lake limetulia tuli. Masikio yanagombana jicho linapumzika, ndo maana nikiwa mlangoni nilihisi kitu. Nimeandika karatasi, ama masikio yaje mbele ama kope likazwe, fundi akaguna akamchukua. Wananiguna sana hawa. Ila bosi alishiriki sana mashindano, maana nchi hii hata hilo lina mashindano, majimbo mengi yana chama chao na onyesho kila mwaka, jaji anakuja na tochi kama yangu, alama ni kati ya 100 na kwa kawaida kuanzia 90 ndo utepe wa kwanza, na yeye ndo alinifundisha kwamba jaji hakuulizi kama kulungu wako mzuri, anakuuliza kama ni sahihi. Mzuri na sahihi ni vitu viwili na kati yake ndo ninakulia ugali.

Saa 4 kulikuwa na mteja wa kuchukua dume lake la Novemba iliyopita. Ndio, Novemba mpaka Agosti, msiniulize kwanini, ngozi inaenda kiwandani inarudi kwa foleni, ikishavalishwa inakauka wiki kadhaa ndo rangi ipakwe, na huku msimu wa bunduki ni siku tisa tu kwahiyo vichwa vinakuja kwa mpigo. Nimemtoa nimempiga brashi nimemtundika chumba cha mbele. Mteja hajatokea. Saa 5 hajatokea. Nimepiga simu haipokelewi.

Saa 7 tukala. Yule wa Bukavu anapenda nimsimulie habari za Field Museum, makumbusho ya Chicago, nilienda, nikawakuta simba wetu wa Tsavo, Kenya, wale waliokula wajenzi wa reli 1898. Wageni wanasimama pale wanasema hawa feki, wadogo hivi, halafu dume gani halina manyoya ya shingo. Sasa Patterson, yule mhandisi wa reli aliyewaua, aliwafanya mazulia, wakakanyagwa karibu miaka 25 kabla hajawauza pale 1924 kwa dola 5,000, ngozi ilishaisha kingo ikabidi fundi awafanye wadogo kuliko walivyokuwa. Kwahiyo kwenye ukubwa wageni wako sawa. Ila kwenye manyoya wamekosea, madume mengi ya Tsavo yako hivyohivyo hayana. Ona sasa, simba mmoja, lalamiko moja sahihi na moja sio, na anayelalamika hajui lipi ni lipi. Huyo ndo mteja wangu kila siku.

Yule mteja wa Novemba akaja saa 8 na nusu. Hakuomba radhi, sawa, mteja mfalme. Akasimama mbele ya kulungu, akakunja mikono, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri amefurahi maana kuna wengine wanatoa machozi kabisa. Akasema, "Huyu sio wangu."

Nikamuuliza kwa upole kivipi bwana. Akatoa simu. Picha ya kamera ya msituni, ile inayofungwa kwenye mti, dume limesimama kwenye majani mabichi, jekundu, shingo nyembamba, pembe na manyoya yake. Tarehe kwenye kona ya picha, Agosti ya mwaka jana. "Huyu ndo wangu, nimemfuatilia miezi mitatu, namjua kuliko mke wangu. Wangu alikuwa mwekundu. Huyu wa kijivu. Wangu hakuwa na shingo ya ng'ombe. Mmenibadilishia."

Sasa kwenye kazi hii hakuna neno zito kama mmenibadilishia. Nikavuta pumzi. Nikamwambia bwana, kulungu anabadilisha nguo mara mbili kwa mwaka, ya kiangazi nyekundu, ya baridi kijivu-kahawia, nywele nene zina hewa ndani. Wewe umempiga Novemba. Na Novemba madume yanatafuta majike, shingo inavimba, hata paji la uso linakuwa jeusi kwa kusugua miti, ona hapa. Akasema anawinda tangu ana miaka kumi hahitaji kufundishwa. Halafu likaja lile nililokuwa nalisubiri, "Kwani wewe unatoka wapi? Kwenu kuna kulungu?"

Nikamwambia kwetu wapo swala wa kila aina lakini hawa wenu nawaona kila siku dirishani na kwako nyumbani labda wapo pia. Akanyamaza kidogo. Nikaleta faili. Kila ngozi inayoingia inatobolewa namba kabla ya kwenda kiwandani, na kichwa tunampiga picha siku hiyohiyo analetwa, na yeye mwenyewe yuko kwenye picha, kwenye gari lake, kofia ya rangi ya chungwa, ameshika pembe. Kulungu wa kijivu. Shingo nene. Akaangalia ile picha yake mwenyewe kama ya mtu asiyemjua. Akasema mwanga ulikuwa mbaya.

Tukaanza upya. Macho, "yanasinzia". Nikachukua tochi nikamwonyesha kope, nikaleta picha nne za kulungu wazima waliotulia, kope liko palepale. Akasema wangu alikuwa mkali, alinitazama hivi, akatoa macho mwenyewe pale dukani, mtu mzima ana miaka sitini ananiigizia kulungu. Na mimi namwelewa kwa kweli. Yeye alimwona sekunde chache moyo unamdunda, na hizo sekunde ndo anataka zitundikwe ukutani, lakini kwenye fomu ya oda alitia tiki "ametulia, ametazama kushoto". Siwezi kumpa kulungu aliyetulia mwenye macho ya kustuka, hicho ndo kile kile nilichokikataa asubuhi.

Nikamwambia pia habari za Chicago, kwamba Carl Akeley, fundi mkubwa wa kazi yetu hii, zaidi ya miaka mia iliyopita alitengeneza kulungu hawahawa kwenye makasha manne, kila kasha msimu wake, na mkewe Delia wakifinyanga majani ya nta maelfu kwa maelfu, watu wakimpita wa kiangazi wakafika kwa wa baridi wanadhani ni mnyama mwingine. (Huyo Akeley ndo alikuja kufia Kongo 1926, mlima Mikeno, jamaa wa Bukavu hiyo anaijua kuliko mimi.) Mteja akasema hajaja kusikiliza makumbusho.

Kilichomaliza ubishi ni sikio. Dume letu lina mpasuko sikio la kushoto, kama kidole kimoja, labda lilipigana au waya wa uzio. Nikamwomba simu, nikaikuza ile picha yake ya Agosti. Sikio la kushoto, mpasuko uleule, umbo lilelile. Nikamwekea simu kando ya kulungu sikusema kitu.

Akaangalia simu, akaangalia sikio, simu, sikio. Halafu, wallahi, akasema, "Sasa kwanini hamkuliziba?"

Fomu ya oda tena. Kuna mstari kabisa, makovu yabaki au yafichwe, ametia saini yabaki. Bosi akatoka ofisini kwa kusikia sauti zetu, wakaongea bei ya kushona, mteja akasema mia hizo hatoi, akazunguka kulungu mara nyingine, akagusa pua ambayo kuna kibao kimeandikwa usiguse. Sijui ilikuwa saa ngapi hapo, miguu ilishaanza kuuma na nilikuwa sijakaa tangu chakula. Akampiga picha. Akampigia mkewe video, mkewe akasema kwa sauti sote tumesikia, "Mzuri, ila mbona wa kijivu?" na jamaa yangu wa Bukavu akakimbilia nyuma kucheka, na yule mzee akamjibu mkewe, kwa kujiamini kabisa, kwamba kulungu wa Novemba wako hivyo, nywele za baridi zina hewa ndani.

Akalipa. Akamfunga kiti cha nyuma na mkanda. Mimi hakuniaga.

Baada ya hapo siku imeenda tu. Jua liko juu lakini mwili unasema usiku, nimekagua wengine nikaona nawapitisha wote nikajua macho yamechoka, macho yakichoka kila kulungu yuko hai, kwahiyo nimewaandikia warudiwe kesho hata kama bosi alitaka watoke leo. Akalalamika. Nikamwambia saini ni yangu. Fundi wa asubuhi kamrudisha yule wa masikio, ameyaleta mbele, nikasimama mlangoni pale pale niliposimama kwanza, nikahisi kitu hakuna, nikasogea na tochi, hakuna. Amepita. Fundi hakuguna.

Wanaouliza mshahara, unalipa kodi na hela kidogo ya kutuma, utajiri hapana. Wanaouliza harufu, ni gundi na rangi, ndo maana kila mtu ana barakoa. Wanaouliza kama naogopa usiku, nalala kama gogo. Kesho zamu ya bata, na bata mtu akikosea manyoya ya bawa mpangilio wake hata tochi haihitajiki, bosi tu ndo hapendi nianze nao maana siku hiyo mafundi wote wananichukia mpaka jioni.