Jinsi Nilivyofufua Makabati Chakavu ya Jikoni
Makabati yangu ya jikoni hapa Dodoma yalikuwa yamebabuka rangi na milango yake ikining'inia, nami sikuwa na fedha za kumlipa fundi atengeneze mapya. Matundu ya skrubu yaliyolegea niliyajaza njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, nikaziacha zikauke usiku kucha, kisha nikazisawazisha na ubao na kufunga bawaba zilezile, ambazo hadi leo hazijacheza. Mafuta ya kupikia yaliyoganda niliyaondoa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupiga msasa, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Rangi niliipaka tabaka mbili nyembamba, asubuhi na mapema, kabla upepo wa kiangazi haujainua vumbi. Vishikio nilivisugua tu, nikavirudisha.