Siku moja na kuku wangu wa mayai meusi, Mikindani, Mtwara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko bandani, lakini siingii. Nasimama nje ya wavu na tochi yenye mwanga hafifu, nawaangalia waliolala juu ya fito, nasikiliza pumzi. Kipupwe hiki cha Juni, kuku anayekoroma nataka nimjue kabla jua halijatoka, maana yale mafua ya virusi yakifika kwenye mfereji wa mayai, ganda hupauka na pengine lisirudi lilivyokuwa. Leo wote wazima. Natia maji, namimina chakula kupitia kidirisha cha pembeni, naondoka.

Wageni wengi hushangaa kwamba asubuhi sifagii banda. Ni kwa ajili ya rangi. Ninafuga Marans, kuku wenye asili ya mji wa Marans, magharibi mwa Ufaransa, si mbali na bandari ya La Rochelle. Yai lao ni kahawia iliyokolea kama tende. Ganda la yai hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya rangi hupakwa mwishoni kabisa, saa chache kabla yai halijatoka. Matetea wangu wengi hutaga kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Ukiwafukuzafukuza na fagio saa moja, yai ama litatoka halijakolea, ama litabanwa ndani hadi lipate utando mweupe wa chokaa juu ya ile rangi nzuri. Basi kazi zote za kelele huku kwangu ni za alasiri.

Saa moja babu jirani anapita na mashine yake mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo napuliza mikorosho ya mstari wa huku kwako, teremsha maturubai."

Msimu huu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, yeye huniambia kila mara kabla hajaanza, na namshukuru sana kwa hilo. Vumbi lile huwawasha kuku macho. Nateremsha maturubai ya upande wa upepo, kisha narudi jikoni kunywa chai na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha.

Kuanzia saa tatu nashika zamu ya viota. Viota vyangu ni vya mtego: kuku akiingia, kimlango hushuka nyuma yake, naye hutulia humo hadi nimfungulie. Hiyo ndiyo njia pekee niijuayo ya kusema kwa hakika yai hili ni la nani. Namfungulia, nasoma namba ya pete mguuni, naiandika kwenye yai kwa penseli. Kisha nalilinganisha na kadi ya rangi. Wafaransa wana kipimo cha 1 hadi 9, na yai lililo chini ya 4 halihesabiwi kuwa la Marans. Leo mwenye pete nyekundu ametaga 7, safi, lina madoa meusi upande mnene. Mwenye pete ya kijani ametaga 5.

Namba hizo hazitoshi kumhukumu kuku. Mayai ya mwanzo wa msimu wa kutaga ndiyo yenye rangi kali. Kadiri anavyoendelea kutaga, rangi hupungua, kisha hurudi baada ya kunyonyoka manyoya na kupumzika. Anayekuonyesha yai la kwanza la mtetea na kukutajia bei ya kifaranga kwa yai hilo, mwambie akuonyeshe na la mwezi wa nne wa kutaga. Mimi alama ninayoiamini ni ya katikati ya msimu. Tena naangalia idadi. Mara nyingi kuku anayetaga kwa nafasi ndiye mwenye yai jeusi zaidi, kwa hiyo ukifuata rangi peke yake, baada ya vizazi kadhaa utakuwa na mayai mazuri sana na machache sana.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni: unawalisha nini? Chakula hakileti rangi ya ganda. Mlonge na mahindi ya njano hukoleza kiini, basi. Ganda ni damu ya ukoo. Ila ganda lenyewe lahitaji chokaa, na hapo bahari ya Mikindani imenipa neema: bamvua likija, kina mama hushuka ghubani kuokota chaza na kome, na magamba yakishakauka mama mkwe wangu huyatwanga kinuni. Nayachanganya na pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu ya ufuta na dagaa.

Saa sita na nusu anakuja mama anayeuza chipsi mayai karibu na barabara. Analigeuza yai, analiangalia, analilowesha kwa ncha ya kanga na kulisugua. Kanga inatoka na rangi.

"Mwanangu, haya si umeyachovya kwenye majani ya chai?"

Sikuudhika, swali lake ni la haki. Nilimpeleka kiotani palipokuwa na yai lililotoka muda uleule, bado lina unyevu, nikamwambia alishike mwenyewe. Kisha nikavunja lile alilolisugua: ndani ganda lilikuwa limepauka. Rangi ya Marans ni koti la juu, ndiyo maana ikisuguliwa na maji hutoka, na ndiyo maana mayai yangu siyaoshi bali naweka matandazo makavu viotani. Alichukua trei nzima. Wiki hizi nauza yote, kwa sababu matetea nimewatenga na jogoo wa zamani kwa majuma matatu, mbegu yake iishe kabisa miilini mwao kabla sijawapa wengine.

Na kuwachagua hao wengine ndiyo kazi kubwa ya leo.

Saa tisa alasiri, viota vimenyamaza, shemeji yangu anakuja kunisaidia kushika. Tuna mapora, yaani majogoo vijana, watatu wa miezi minane. Tunawaning'iniza kwenye mizani mmoja mmoja, halafu nawapitisha mikononi: mfupa wa kidari umenyooka? Mgongo mpana hadi mkiani? Miguu imeachana, au magoti yanagusana? Jogoo wa Marans aliyekomaa, kwa vipimo vya kwao, ana kilo 3.5 hadi 4, kifua kipana, miguu yenye manyoya machache upande wa nje. Manyoya hayo ni urithi wa kuku wa Langshan wa China, waliochanganywa na kuku wa huko mwishoni mwa karne ya 19.

Wa kwanza, pete ya bluu, ana kilo 3.6. Ukimtazama husogei: kifua kimejaa, anasimama imara. Mama yake hutaga 5. Wa pili, pete ya njano, ana kilo 3.1, kifua chembamba, lakini mifupa yote imenyooka. Mama yake hutaga 7, na dada zake wawili walioanza kutaga wanatoa 7 pia. Wa tatu mama yake ndiye mwenye yai jeusi kuliko yote bandani, 8 hata katikati ya msimu. Mfupa wake wa kidari umepinda.

Shemeji anampenda wa bluu. "Huyu ndiye jogoo, shemeji. Hao wengine wa nini?" Na kama hutaki, anasema, tafuta jogoo wa kuchi, utapata mwili na urefu kwa mkupuo mmoja.

Kuchi nawaheshimu, ni kuku wenye mfupa mzito. Lakini yai lao limepauka, na binti wa kuchi na Marans atataga yai la katikati. Kulirudisha hadi 7 ni kazi ya vizazi. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea, nami nalisema kila nipatapo nafasi: jogoo hatagi, lakini nusu ya rangi ya yai la binti yake inatoka kwake. Mwili wake utauona kwa macho na mizani akiwa bado kijana. Rangi aliyoibeba huioni hata kidogo. Utaijua binti zake watakapotaga, wakati umeshatotolesha na kugawa vifaranga mtaa mzima. Ushahidi pekee ulio nao kabla ya hapo ni mama yake na dada zake.

Basi nikaamua hivi. Wa njano anapewa matetea wapana kuliko wote, wale ambao kati ya mifupa yao ya nyonga vidole vitatu vinapita. Wa bluu anaingia banda la pili na matetea wa 7 peke yao. Upungufu wa baba ufidiwe na mama, na wenye kasoro moja wasikutane kamwe. Wa tatu haingii popote. Mwana wa dada yangu alimlea tangu kifaranga na alinisihi sana, lakini kidari kilichopinda huweza kurithiwa, na yai la 8 halitoshi kunifanya niipande kasoro hiyo kwenye ukoo mzima. Tumekubaliana abaki uani kama kuku wake, mbali na matetea.

Baada ya magharibi nashusha mayai ya kundi la zamani kwenye trei ya kuangulia. Ni siku ya 18 tangu yaingie kwenye mashine ya kutotolea. Nayapima kwa tochi kali, maana ganda jeusi halipitishi mwanga kirahisi. Naangalia zaidi ukubwa wa nafasi ya hewa. Nusu nyingine ya mayai ya kundi hilo imeatamiwa na makoo wawili wa kienyeji, ambao umeme ukikatika hawana habari.

Saa tatu usiku naandika daftari. Wa njano na wa bluu wanaingia mabandani kesho jioni, kuku wakishatulia. Vifaranga wao nawatarajia Agosti, na binti watataga kuanzia Februari au Machi, wakifika miezi sita au saba. Walioomba vifaranga vya uzao huu nimewajibu wote sawa: siuzi hata kimoja mpaka nione mayai ya hao binti, ya katikati ya msimu, yamepangwa mezani karibu na kadi.