Dakika 540: siku ya msimamizi wa kituo cha kura, Ilula

Saa kumi na moja alfajiri darasa bado lina baridi ya usiku na harufu ya chaki. Vifaa vilifika jana na mlinzi amelala navyo. Kazi ya kwanza ni kupanga chumba: meza zetu, masanduku matatu ya rais, mbunge na diwani, na kituturi, kibanda cha kupigia kura kwa siri. Hicho kituturi ndicho kinachohitaji akili. Ukikiweka chini ya dirisha lililovunjika kioo, saa mbili tu watoto wameshajaa nje kuchungulia, na siri ya kura imekwisha. Kinakaa kwenye kona yenye ukuta mzima.

Saa kumi na mbili na nusu wanaingia mawakala wa vyama na barua zao za utambulisho. Tunainua kila sanduku, tunaligeuza, wanaona ni tupu. Tunafunga lakiri, namba zinasomwa kwa sauti na kila wakala anaandika zake. Asiyeandika asubuhi ndiye atakayebisha usiku.

Saa 1:00 mlango wazi. Mpaka saa 10:00 jioni ni saa tisa, yaani dakika 540. Mwaka 2020 kiwango kilikuwa wapiga kura wasiozidi 500 kwa kituo. Wakija wote, kila mmoja ana dakika moja na chenji kidogo: kutafutwa daftarini, kupewa karatasi tatu, kuingia kituturini, kutumbukiza, kuchovya kidole.

Wa kwanza ni kina mama. Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, Tanzania, ni mji wa nyanya na vitunguu, na mapumziko ya kitaifa hayazuii nyanya kuiva. Wanapiga kura ndipo waende shamba, na vidole vyao bado vina ule weusi wa majani ya nyanya ya jana. Wino haushiki vizuri juu ya utomvu, kwa hiyo kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinafutwa kwanza kwa kitambaa. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wenye ulemavu hawapangi foleni. Asiyeona anapewa kifaa cha nukta nundu, au anakuja na mtu anayemwamini. Wakala hawezi kuwa mtu huyo, hata akiwa shemeji yake.

Saa nne anaingia mzee mmoja, koti limepigwa pasi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba."

Hana kadi. Kukosa kadi si mwisho: aliyeipoteza anaweza kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, ili mradi jina lipo daftarini na linafanana. Cha taifa anacho. Jina ndilo halipo. Tunalitafuta kwa L, tunalitafuta kwa R, maana Kalinga huweza kuandikwa Karinga. Tunageuza jina la kati. Karani mwongozaji anakimbia vituo viwili vya jirani hapohapo shuleni. Hakuna.

"Mbona nilijiandikisha mwaka jana? Karani alikuja mpaka kitongojini."

Hapo tatizo linajulikana. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja: 2014, 2019, 2024. Una orodha yake, inayoandikwa siku chache kwa ajili ya kura hiyo tu, na uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Uchaguzi mkuu unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume ya Uchaguzi. Kuingia kwenye orodha ile hakukuingizi humu.

"Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji nilimchagua mimi, ila diwani simhusu?"

Foleni imefika mlingotini. Wakala mmoja anasema mzee huyu anajulikana na kila mtu. Ni kweli, hata mimi namjua, lakini kujulikana si kuwemo. Wakala wa pili anadai mzee anazuiwa kwa sababu ya chama chake. Namsogezea fomu ya malalamiko, anaitazama, haijazi. Dakika 25 zimekwenda. Mzee anakwenda kukaa chini ya mti, na kila anayetoka kuchovya kidole anahadithiwa upya. Simlaumu.

Mchana ni kimya. Jioni wanamiminika bodaboda na vijana wa sokoni, wote kwa pamoja, kana kwamba saa kumi imewashtua. Ikifika, mlinzi anasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye mbele yake atapiga hata ikiwa saa kumi na moja.

Halafu kuhesabu. Taa ya sola inaning'inia kwenye msumari wa ramani. Kila karatasi inafunuliwa, inainuliwa, inasomwa. Isiyo na muhuri inakataliwa, yenye vema mbili pia, na ile ambayo mtu kaandika jina lake. Ubishi uko kwenye vema ndefu iliyovuka mstari wa jirani. Naangalia pembe ya V imekaa kisanduku gani, mawakala wanaangalia, tunakubaliana au wanaandika pingamizi.

Usiku huu ndio watu wanapoanza kushuku: mbona kura za rais na za diwani hazilingani kwa chama kilekile? Hazilingani kwa sababu hapa diwani anachaguliwa kwa daraja la kwenda shamba na choo cha soko. Mwaka 2015 Iringa Mjini ilichagua mbunge wa upinzani, Kilolo ikabaki CCM, na ni mwendo wa gari mfupi tu. Ya chumba hiki naweza kuyaapia. Ya huko juu si kazi yangu.

Zilizopigwa, zilizoharibika na zisizotumika lazima zirudi kwenye idadi tuliyopokea. Ikipungua moja, tunarudia. Mara nyingi imejikunja ndani ya nyingine.

Fomu za matokeo za rais, mbunge na diwani zinasainiwa, mawakala wanapewa nakala zao. Nakala ya ukutani inabandikwa kwa gundi ambayo baridi imeigandisha. Vijana wanaipiga picha kwa tochi za simu. Mmoja anauliza kwa nini tumechelewa. Gari la kata linapiga honi.