Kisanduku cha gololi: wiki ya tatu

Wiki hii kisanduku changu kimehesabu kwa mara ya kwanza, kisha kikakosea. Ni ubao wa mninga uliosimama wima, wenye vibembea sita vilivyopangwa kwa mshazari, na kila kibembea hulala kushoto kikiwa sifuri au kulia kikiwa moja. Gololi ikiangukia kibembea chenye sifuri hukigeuza kuwa moja na kutoka nje. Ikikuta moja, hukirudisha kwenye sifuri na kuteremka hadi kibembea kinachofuata, ambacho thamani yake ni maradufu. Kwa hiyo vibembea vya 1, 2, 4, 8, 16 na 32 vinatosha kuhesabu hadi 63.

Gololi saba za kwanza zilipita salama. Ya nane, iliyopaswa kuacha 001000 (ukisoma kuanzia kibembea cha thamani 32 hadi cha 1), iliacha 001100, yaani 12, kwa kuwa kibembea cha tatu kiligonga ukingo, kikadunda na kurudi kwenye moja gololi ikiwa imeshapita. Nimebandika vipande vya kandambili kuukuu kwenye kingo zote, na tangu hapo nimemimina gololi 43 mara tano, nikapata 101011 kila mara.

Wazo si langu: Gottfried Leibniz, Mjerumani, alieleza mashine ya gololi na matundu ya namna hii mwaka 1679. Makala yake mashuhuri kuhusu baineri, yaani hesabu za sifuri na moja tu, ni ya 1703, mwaka ambao alipata kutoka kwa mmisionari Joachim Bouvet, aliyekuwa China, michoro 64 ya mistari sita, mizima na iliyokatika, inayosomeka kama moja na sifuri.

Hata hivyo, kilichonishangaza zaidi kilitoka hapa hapa Mikindani. Mzee jirani alitazama gololi zikishuka, akasema, "Mwanangu, mbona hii ni ramli?" Nilidhani ananitania, kumbe sivyo. Ramli, uaguzi wa kuchora nukta mchangani, ina maumbo 16, kila moja likiwa na safu nne za nukta moja au mbili, na mpigaji anapounganisha maumbo mawili hujumlisha nukta safu kwa safu: jumla ikiwa witiri huandika nukta moja, ikiwa shufwa huandika mbili. Kibembea kimoja kikiwa peke yake hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba katika ramli hakuna kinachovuka kwenda safu inayofuata.

Wiki ijayo nitatoboa matundu ya vijiti vitakavyoelekeza gololi nje kabla haijateremka, ili kisanduku kifanye hesabu zote mbili. Mzee ameahidi kuja na mchanga wake, tulinganishe majibu.